Ndevu za Rubani



Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Tanga, ambaye ni rubani. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akirusha zile ndege ndogo za injini moja zitokazo kiwanja cha Kisongo, hapa Arusha, akiwapeleka watalii Serengeti na Manyara, na wengine akiwashusha Unguja. Ndevu anazo, na zimemkaa vizuri. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, basi ni mimi niliyemwambia, siku zilipoanza kumtoka, kwamba azifuge wala asizionee haya, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tupunguze masharubu na tuziache ndevu.

Mwaka huu, alhamdulillahi, akapata kazi katika shirika lenye ndege kubwa. Barua ya kazi ikaja na karatasi ya masharti, na sharti mojawapo likawa kwamba rubani awe amenyoa ndevu. Akanipigia simu kuniuliza afanyeje. Nami nikamjibu pale pale, kabla hajamaliza, "Kataa! Hao si ndevu wanazozitaka, ni dini yako." Usiku ule baada ya Isha nikakisimulia kisa hicho barazani, kwenye kahawa. Wenzangu wote wakaniunga mkono, huyu akaleta habari za wakoloni, yule akaleta za Wazungu na chuki zao. Nakuungamia, msomaji wangu, nililala nikijiona shujaa, na ushujaa wenyewe nilikuwa nimeufanya kwa kazi ya mtu mwingine.

Asubuhi nikakuta ameniandikia maneno machache tu: "Mjomba, unaukumbuka Meru?"

Naukumbuka. Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa mahali ambapo maji yakijaa hufika karibu na mlango wa jikoni. Hata huu mji wa Arusha, ulio mita 1,400 hivi juu ya bahari, ulinipa tabu ya pumzi siku za mwanzo. Lakini kijana alipomaliza kidato cha nne alinisihi nimpeleke mlimani, nami nikakubali kwa kiburi cha mtu mzima. Tukaingilia lango la Momella, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Usiku wa kwanza tukalala Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, nami ni mzima. Usiku wa pili tukafika kibanda cha Saddle, mita 3,570, kichwa kinaniuma na chakula hakipiti. Saa nane za usiku tukaanza kupanda kwenda kileleni, kwenye mita 4,566.

Sikufika. Alfajiri ilitukuta kwenye ukingo wa lile shimo kubwa la volkeno, tukasali juu ya majivu. Baada ya kutoa salamu nikaanza kuvuta uradi. Nilitaka kufika thelathini na tatu nikapotea, nikaanza tena nikapotea, na mara ya tatu nikapotea tena, nikacheka. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, msomaji: nilicheka. Sikujihisi mgonjwa. Nilijiona nina akili timamu kuliko siku zote, nikataka kuendelea kupanda peke yangu kwa njia ambayo askari alisema si njia. Kijana akanitazama midomo, akanishika mkono bila kuniomba ruhusa, akaniteremsha. Tulipokaribia kibanda akili ikanirudia kidogo kidogo, na hofu ikaja nayo.

Basi sikiliza sasa habari ya ndege. Ndege kubwa za jeti huruka futi 35,000 na zaidi, yaani kama mita 10,700. Chukua mlima Meru, uubebeshe Meru wa pili juu yake, bado hujafika. Kinachomweka abiria hai huko ni kwamba hewa ndani ya ndege husukumwa na kubanwa mpaka iwe kama ile ya mahali pasipozidi mita 2,400. Kwa hiyo wewe uliyekaa kitini unakula karanga, huwa unapumua hewa ya Miriakamba au bora kidogo. Hewa hiyo ikitoroka, kwa hitilafu ya mlango au dirisha au mtambo, rubani aliye futi 35,000 ana baina ya nusu dakika na dakika nzima ya kuwa na akili ya kufanya jambo la maana. Kwa zile za mapangaboi, ambazo mpwa wangu amekwenda kuzirusha, zinazopanda mpaka futi 25,000, juu ya Kibo kwa zaidi ya mita 1,700, ana dakika tatu hadi tano. Naye, kama mimi na tasbihi yangu, huenda asijue kwamba akili imekwisha kumtoka.

Mwaka 2005, tarehe 14 Agosti, ndege ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Cyprus, ikiwa na watu 121. Swichi ya mtambo wa kubana hewa iliachwa mahali pasipo pake. Marubani walisikia king'ora wakadhani ni cha jambo jingine, nao wakazimia. Ndege ikaenda yenyewe mpaka ikaishiwa mafuta na kuanguka karibu na Athens. Hakupona hata mmoja. Kisa hicho hakihusu ndevu, wala sikutaji ili kuzisingizia. Nimekitaja ili ujue ile barakoa ya oksijeni inayoning'inia pembeni mwa rubani ina kazi gani. Yapasa aweze kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano, na ikishika uso isipenyeze. Pia moshi ukizuka ndani ya chumba chake, ndiyo inayomkinga. Mwaka 1987 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa waraka kuonya kwamba ndevu zinaweza kuizuia barakoa isishike sawasawa. Mashirika mengi yakashika hapo.

Nilipoyasoma hayo nikaona haya. Wanavyuoni wetu, ukimtaja Ghazali na wengineo, wamehesabu kuhifadhi nafsi katika makusudio makubwa ya sheria. Na kuhusu kunyoa ndevu, katika madhehebu yetu ya Shafi wako walioharimisha na wako walioona ni makuruhu, Imamu Nawawi akitajwa miongoni mwa hawa wa pili. Mimi si mufti, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Lakini abiria sabini walio nyuma ya mlango wa rubani ni amana, wakiwemo mahujaji na watoto wachanga, na sikuona nitamwambia nini Mola wangu juu yao. Nikampigia mpwa wangu nikamwambia, "Nyoa."

Ningeishia hapo, lakini sitakuwa mwadilifu nikificha upande wa pili. Chuo kikuu cha Simon Fraser, Kanada, kiliwatia watu wenye ndevu fupi na ndefu katika chumba maalumu ambacho hewa yake hupunguzwa mpaka ifanane na ya juu angani, wakavaa barakoa za marubani, na hawakuonekana kupungukiwa na oksijeni. Mwaka 2018 shirika la Air Canada, lililotaka uchunguzi huo, likawaruhusu marubani wake ndevu zisizozidi milimita 12.5. Na hata kabla ya hapo, Masingasinga wa India wamerusha ndege za vita na ndevu zao. Arjan Singh, aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga la nchi hiyo kuanzia 1964 hadi 1969, alikuwa na ndevu zake kamili. Jeshi hilo hilo lilimwachisha kazi askari Mwislamu mwaka 2008 kwa kufuga ndevu, na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India ikalipa jeshi haki mwaka 2016. Hapo hoja haikuwa barakoa, ilikuwa nidhamu na sare.

Basi, ndugu msomaji, kuna marufuku ya aina mbili zinazovaa nguo moja. Kuna ile ya kuokoa roho, nayo ina haki ya kutiiwa maadamu aliyeiweka anaipima tena kila elimu inapoongezeka. Na kuna ile ya kupendeza machoni. Rafiki yake mpwa wangu, anayerusha ndege ndogo, ameambiwa na tajiri wake anyoe. Ndege yenyewe haina mtambo wa kubana hewa, rubani wake hupumua hewa ile ile ya nje, na ndiyo sababu huruka chini. Alipouliza sababu akaambiwa kwamba watalii hawapendi. Kijana huyo nimemwambia asinyoe kwanza, aandike barua kwa adabu aulize: ni kwa ajili ya barakoa au ni kwa ajili ya picha? Jibu halijafika.

Barazani nilirudi nikawaambia wenzangu kwamba nilikosea. Mmoja akanuna, hakumalizia kahawa yake, na mpaka leo akinipa salamu hutazama pembeni.

Mpwa wangu alinyoa usiku wa Jumapili, asubuhi yake akaanza mafunzo. Amewaandikia wakuu wake habari za ule uchunguzi wa Kanada, akaomba utazamwe. Dada yangu alipoletewa picha yake katika sare, hakusema neno kwa muda. Kisha akaniambia, "Kaka, kumbe kidevu ni cha baba yake."