Nilipowasikia Watu wa Bima Bungeni

Matatu iliondoka Nakuru ukungu ukiwa bado juu ya Menengai. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni 2024, na nilikuwa nikienda Bungeni kwa mara ya kwanza maishani. Sikuwa na mheshimiwa wa kuonana naye. Nilitaka kusikia kampuni za bima zikiwaambia nini wabunge kuhusu Mswada wa Fedha, maana ulikuwa umeigusa pikapu ninayobebea viazi kutoka Molo.

Serikali ilitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake anapokata bima, kodi isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pikapu ya shilingi 700,000 ingedaiwa 17,500, na ada ya bima bado haijaguswa. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Sasa bima na kodi zimekutania wapi, kijana wangu?" Tulilipita Ziwa Elementaita bado natafuta jibu. Kwenye mizani ya Gilgil malori yalikuwa yamepanga foleni, nikapiga hesabu: lori la shilingi milioni nne lingefika 100,000 moja kwa moja.

Baada ya Naivasha barabara ikaanza kupanda, Longonot ikabaki kule chini mkono wa kulia. Soko Mjinga baridi ilituingia mifupani, na wauzaji wakakimbilia madirisha na karoti zenye matope mabichi.

Langoni mwa Bunge nilitoa kitambulisho, mkoba ukapitishwa kwenye mashine, nikapewa beji. Nilikuwa nimeamini kwamba matajiri huwashawishi wabunge gizani tu. Huenda mengine hufanyika huko, lakini chumba ambamo Kamati ya Fedha ilikuwa ikipokea maoni kilikuwa kama baraza la chifu kwetu: unaitwa, unasema lako, unampisha mwenzako. Kamati yenyewe iliongozwa na mbunge wetu wa Molo, Kuria Kimani.

Kilichonishangaza ni maandalizi. Mezani palikuwa na waraka uliopigwa mistari: huku kifungu, huku pendekezo, huku sababu. Hakuna aliyelalamika bila kuonyesha sentensi anayotaka ifutwe.

Hoja ya Chama cha Kampuni za Bima Kenya, AKI, niliielewa mara moja. Kodi hiyo ikiwekwa, wenye magari wataacha bima kamili na kubaki na ile ya mtu wa tatu, ambayo sheria inawalazimisha kuwa nayo. Gari lako likiibwa au likiungua, hiyo haikulipi chochote. Tena kampuni ya bima ndiyo ingeikusanya kodi na kuiwasilisha serikalini ndani ya siku tano za kazi. Isipoikusanya, ingeilipa yenyewe, pamoja na faini ya nusu yake.

Walikuwa wakilinda biashara yao, hilo ni wazi. Lakini siku ile maslahi yao yaliangukia upande wa mkulima wa Molo, nami nilifurahi kuyasikia yakisemwa kwa ufasaha ule. Kilichoniuma ni kwamba kwa saa zote nilizoketi pale sikumsikia mkulima wala dereva mmoja akisema. Wala sikujua nani kati ya waliosema alikuwa amelipwa. Marekani, tangu sheria ya 1995, wanaolipwa kuwashawishi wabunge wa taifa hujisajili na kutangaza malipo yao. Nasi tungefaidika kujua nani analipwa kusema nini.

Tarehe 18 Juni Kimani alitangaza kwamba kodi ya magari imeondolewa. Siku hiyo hiyo vijana walikuwa barabarani Nairobi wakiupinga mswada. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, wengine wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada wote.

Mswada wa Fedha huja kila mwaka. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lisikilize maoni ya wananchi, na haisemi lazima uwe na wakili. Wenzangu wa Molo, Njoro na Gilgil, wenye pikapu na wenye matatu, sacco zetu zina makatibu wanaojua kuandika. Tuandike waraka wetu mapema, kifungu kwa kifungu, tuupeleke wenyewe.