Miombo Ivaapo Nyekundu

Huenda wewe mfanyakazi wa mjini huchukua likizo yako mwezi wa Desemba. Mwaka mmoja jaribu kuichukua mwishoni mwa Septemba. Panda garimoshi la Reli ya Kati pamoja na jamaa yako, ushuke Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 840 kutoka Dar es Salaam. Kisha toka nje ya mji, uingie msitu wa miombo.

Utastaajabu. Mvua haijanyesha kwa miezi kadhaa, visima vimepungua, nyasi zimekauka. Lakini miti imekwisha kuchipua! Tena majani machanga ya mtundu si ya kijani. Mengine ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine damu ya mzee. Wekundu huo huyakinga na jua kali mpaka yakomae. Maji ya kuchipulia ni akiba iliyomo shinani na mizizini, chini sana. Mti haukungoja mvua, ulijiwekea.

Kwa Wanyamwezi msitu huo tangu zamani ni ghala. Maua ya mtundu huwapa nyuki chakula, na nyuki humpa mrina asali riziki. Mvua zikianza, akina mama huingia na vikapu kutafuta uyoga. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo: ukikata miti, na kitoweo kimekwenda.

Nani basi anayeimaliza miombo? Ni rahisi kumnyoshea kidole mkulima wa tumbaku, ambaye bani lake hula kuni nyingi. Mrina asali naye huua mti anapoubambua gome lote ili atengeneze mzinga. Lakini mimi na wewe je? Miombo imetanda pia Morogoro, Lindi, Ruvuma na Katavi, na mkaa mwingi wa miji yetu hutoka katika misitu ya namna hiyo. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hugharimu kilo 5 za kuni au zaidi. Gunia lililoegemea ukuta wa jiko lako lilikuwa mti.

Hata hivyo tusikate tamaa. Kisiki cha mtundu huchipua tena kikiachwa bila kulimwa wala kuunguzwa. Moto mbaya kuliko yote ni huu wa Septemba na Oktoba, unaoyakuta machipukizi yakiwa laini. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji haki ya kutenga na kuhifadhi misitu yao wenyewe.

Nasi wa mijini tunayo sehemu yetu. Loweka maharage usiku kabla ya kuyapika. Funika sufuria. Chakula kikiiva, zima mkaa uliobaki, uuweke kwa kesho. Haya ni mambo madogo, lakini hufanyika katika nyumba nyingi, kila siku.

Utakapokuwa Tabora, mwonyeshe mwanao jani moja jekundu lingali mtini. Mweleze kwamba mti huo uliweka akiba kabla ya kiangazi. Akikuuliza sisi tumeweka nini, uwe na la kumjibu.