Mzingile, Ramani na Namba za Ukutani

Likizo iliyopita niliimaliza nikiwa nimejifungia nyumbani, Mbagala, ndani ya mzingile wa Kijapani. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa wanafunzi wangu wamekwisha kulisikia kutoka kwa mpwa wangu, mwenye mashine, na haipendezi mhadhiri asutwe kwa jambo ambalo angeweza kulikiri mwenyewe.

Mchezo unaitwa Etrian Odyssey. Kampuni ya Atlus iliutoa Japani mwaka 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, kile kijimashine cha mkononi kinachofunguka kama kitabu na chenye skrini mbili. Kuna mji mdogo, Etria, uliojengwa mahali msitu mkubwa unapozama ardhini. Msitu huo una matabaka sita, kila tabaka sakafu tano, nawe unaunda kikosi cha watu watano na kushuka nao. Husomi kidogo: kuna soga za baa, maelezo ya wanyama, maagizo ya baraza la mji. Nilitumia zaidi ya saa 60, nyingi kati ya hizo nikiwa nimeuawa na kuanza upya. Kikosi kinapopata nguvu, bei ya nyumba ya wageni nayo hupanda, jambo ambalo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam atalielewa bila kufafanuliwa.

Kilichoniteka ni ramani. Skrini ya juu hukuonyesha njia iliyo mbele yako. Ya chini ni karatasi tupu yenye miraba, na mkononi una kijiti cha kuchorea. Mchezo haukuchorei ukuta hata mmoja. Ukikosea mraba leo, kesho utaingia mdomoni mwa mnyama. Umeme ulipokatika betri iliendelea, nami nikaendelea kuchora gizani, mbu wakijilia.

Mji huu nao umechorwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, walizunguka vichochoro vya Tandale na vifaa vya GPS wakiiweka mitaa hiyo kwenye ramani huria. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, vijana wakichora mitaro na vivuko na kuwauliza wakazi maji ya mafuriko yalifika kimo gani. Nimewasifu vijana hao darasani mara nyingi, na sifuti neno.

Hadi tabaka la tatu, basi, nilikuwa kwenye burudani. Katika tabaka la nne, sakafu ya 16 hadi ya 20, unakutana na watu wa msituni. Wako kwao. Wanakuonya usipite. Unarudi mjini kutoa taarifa, na baraza, linaloitwa Radha, linakata shauri: waangamizwe, kwa kuwa wanazuia uchunguzi. Amri imeandikwa kwa lugha ya upole na heshima, lugha ambayo watumishi wa umma wanaonisoma wanaifahamu vizuri. Nami nikakumbuka kwamba agizo la kwanza kabisa la baraza hilohilo, siku nilipofika Etria, lilikuwa kuchora ramani ya sakafu ya kwanza na kuileta ikaguliwe.

Nilikubali. Nilijiambia kwamba hadithi haisogei bila kukubali, na ni kweli haisogei. Lakini mashine ina kitufe cha kuzima, na sikukibonyeza. Kikosi changu kilipanda ngazi mbili siku hiyo.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa mchezo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye shahada mpya na njaa ya zamani, ofisi moja iliniajiri kwa siku kadhaa kuhesabu nyumba katika bonde moja la Kinondoni. Nilipewa fomu, kopo la rangi nyekundu na brashi. Kwenye mlango mmoja mama wa makamo alikuwa akichambua dagaa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama nikiandika namba ukutani kwake, kisha akauliza: “Mwanangu, namba hii ni ya heri au ya shari?”

“Ni takwimu tu, mama,” nikamjibu.

Akanikaribisha maji. Baadaye nyumba zile zilivunjwa. Sijui kama hesabu yangu ndiyo iliyotumika. Sijawahi kuuliza, ingawa nimefundisha mbinu za utafiti kwa muda mrefu sasa.

Sidai kwamba kuhama bondeni ni kosa kila mara. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na baadhi ya walionusurika wakapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Desemba 2015 tingatinga lilishuka Bonde la Msimbazi, pale Mkwajuni, na tukaona vitanda na makabati yamepangwa kando ya barabara. Maji yaliwafuata wale, tingatinga likawafuata hawa, na kabla ya tingatinga palikuwa na alama ya X ukutani. Mwaka 2022, operesheni ya anwani za makazi ilipofika mtaani kwetu kabla ya sensa, jirani yangu aliitazama namba yake mpya na kuuliza swali lilelile la yule mama, kwa maneno machache zaidi. Safari hii nilikuwa nimesimama upande wa wenye nyumba. Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya anwani, na nilikuwa na hakika. Hata hivyo sauti yangu niliisikia ni ileile.

Mzingile wenyewe, chini ya watu wa msituni, unaficha magofu ya Shinjuku, mtaa wa Tokyo. Mkuu wa baraza hataki lijulikane, maana mji unaishi kwa fedha za wanaokuja kutafuta siri. Naomba radhi kwa watakaoucheza.

Juzi mpwa wangu alikuja kudai mashine yake. “Mjomba, nifute safari yako nianze yangu?” Nilimwomba wiki moja. Nanakili kwa penseli, kwenye daftari, zile sakafu tano za tabaka la nne. Sakafu ya 17 bado ina kona mbili ambazo sikuwahi kuzifikia.