Raketi ya Mbao na Skrubu Zake Nne

Leo tuweke msimbo kando kidogo, ingawa mtaona mwishowe kwamba mambo ni yale yale.

Karibu na tarakilishi yangu hapa Lavington pana raketi ya tenisi ya mbao, Dunlop Maxply Fort. Ni ya marehemu baba. Miaka ya sabini alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja karibu na Barabara ya James Gichuru. Mwajiri wake aliponunua raketi ya chuma, hii ya mbao akampa baba. Klabu hakuwa na ya kuingia, kwa hivyo alijifunzia kwenye ukuta wa gereji. Ukuta huo haupo tena. Siku hizi pana fleti.

Sasa, hebu tuitazame kama mafundi. Kwanza, haikuchongwa kutoka gogo moja. Ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kugundishwa tabaka kwa tabaka. Pili, kichwa chake ni kidogo ajabu. Raketi za namna hii zilikuwa na inchi za mraba 65 hadi 70 hivi. Sababu ni kwamba nyuzi huvuta fremu kwa nguvu, na mbao ikipanuliwa zaidi hupinda au hupasuka. Ule udogo haukuwa mtindo, ulikuwa mpaka wa mbao yenyewe. Howard Head alipoleta Prince ya alumini mwaka 1976, kichwa kiliruka hadi inchi 110 hivi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda, raketi ya mbao ilikuja na kifaa cha kuibana: fremu mbili za mbao zenye skrubu nne pembeni. Bila hicho, unyevu huikunja kama chapati. Baba alikaza skrubu zile kila jioni, zamu kwa zamu, pembe kwa pembe, wala hakutaka mtoto amsaidie.

Msidhani chuma kilimaliza matatizo. Wilson T2000, iliyotokana na ubunifu wa Mfaransa René Lacoste, haikuwa na matundu ya nyuzi kwenye fremu. Nyuzi zilishikwa na waya uliozungushwa kwenye bomba la chuma, na kuzifunga upya ilikuwa adhabu. Wachezaji wengi waliikwepa, lakini Jimmy Connors aliing'ang'ania, na akashinda nayo US Open mwaka 1974, 1976 na 1978. Waandishi wa programu mnamjua mtu wa aina hiyo: ana kifaa ambacho wenzake wamekishindwa, na kazi inatoka.

Kuna kisa kingine kitakachowachekesha. Hadi mwaka 1977 sheria za tenisi hazikueleza raketi ni kitu gani! Ndipo zikaja raketi za "spageti", zenye nyuzi za tabaka mbili zilizoteleza na kuupa mpira mzunguko wa kutisha. Oktoba mwaka huo Ilie Năstase alimkabili Guillermo Vilas nayo huko Ufaransa. Vilas, ambaye hakuwa ameshindwa kwa miezi kadhaa, aliacha mchezo baada ya seti mbili. Raketi zile zikapigwa marufuku, na mwaka 1978 sheria ikaandikwa. Mtumiaji alipata mwanya kabla ya mwenye mfumo. Je, hamjaliona hilo kazini?

Hii ya baba nyuzi zake zimekatika. Dada yangu anataka itundikwe ukutani, isiguswe. Binti yangu, ambaye tangu Angella Okutoyi ashinde taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 haongei lingine, anataka kuichezea. Fundi ameniambia wazi: inaweza kupasuka. Lakini zikifungwa nyuzi laini, kwa mvuto mdogo, huenda ikastahimili.

Nimefikiri sana. Programu isiyoendeshwa na mtu yeyote haiharibiki, lakini pia haifanyi kazi. Baba hakupewa pambo, alipewa kitu cha kupigia mpira. Nimempelekea fundi nyuzi laini. Binti nimempa sharti moja tu: akimaliza kucheza, akaze skrubu zote nne mwenyewe.

Nanyi je, mngeitundika? Haya, kwaherini kwa leo.