Injini ya Kuazima

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wafikiri hana budi kuwapa jambo ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake mkononi. Mimi jambo la namna hiyo nililipata mbali na darasa, katika banda la jirani yangu mjini Coventry, Uingereza, nilipokuwa masomoni mwaka 1994.

Jirani huyo, fundi mstaafu, alikuwa akifufua gari la mbio aina ya Lotus Elite. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1957, na hadi lilipokoma kuundwa mwaka 1963 yalikuwa yametengenezwa kama elfu moja tu. Halina fremu ya chuma ya kulibeba. Bodi yake ya nyuzi za kioo na gundi ndiyo uti wa mgongo wake, na vipande vichache vya chuma vimezamishwa humo pale injini inaposhikizwa. Kwa wepesi huo, injini ndogo ya sentimeta za ujazo 1,216 ilitosha kulipatia ushindi wa daraja lake mara sita katika mashindano ya Le Mans.

Injini ya asili ilikuwa imetoweka. Mwenye gari wa awali alitia ya Ford, ya chuma cha kusubu, nayo ilinguruma bila taabu. Hata hivyo mzee alikwisha kununua injini ya Coventry Climax, ya alumini, iliyo ya jamii ya ile iliyopotea. Msaidizi wake alikuwa mpwa wake wa miaka 15, kijana aliyechoshwa na shule.

Nilivutiwa na utaratibu wao. Kabla ya kulegeza nati yoyote, kijana alipaswa kuchora kifaa na kuandika anadhani kina kazi gani. Kisha hukifungua, na chini ya mchoro huandika alichokiona. Mzee hakumsahihisha. Nati ziliwekwa katika makopo yenye namba. (Nimepata kuona maandalio ya masomo yasiyofikia mpango wa makopo yale.)

Siku moja kijana akauliza, “Mjomba, kama injini hii nayo ilibuniwa kwa ajili ya pampu ya zimamoto, basi ya gari hili hasa ni ipi?”

Alisema kweli. Walter Hassan na Harry Mundy waliisanifu injini ya kwanza ya ukoo huo iendeshe pampu nyepesi ya kuzimia moto. Wenye magari ya mashindano ndio walioona wepesi wake wakaiomba. Mzee aliweka spana chini. Angeweza kusema gari ni lake na neno ni lake. Badala yake alisema, “Andika hoja za pande zote mbili, nami nitaandika zangu.” Kazi ikasimama majuma mawili. Kijana aliandika kurasa nne, akaishia kwenye hoja ambayo hakufundishwa na mtu: kwamba bodi isiyo na fremu isibebeshwe uzito ambao haikukadiriwa. Hoja ya uasili aliiacha bila jibu, na mzee naye hakumpa. Climax ilifungwa, ile ya Ford ikapakwa mafuta na kuwekwa juu ya kigoda.

Niliporudi nchini, swali hilo nilililetea Darasa la Sita, ila sikuanza na gari ambalo hawajaliona. Nilianza na jembe la babu lililobadilishwa mpini, na baadaye ubapa. Je, ni lile lile? Ndugu mwanachuo, wape kwanza dakika kumi za kuandika kimya, maana bila hivyo wasemaji watatu watalibeba darasa zima. Kisha wagawe watano watano. Usipige kura, kura hufunga mjadala ungali mbichi.

Kipindi cha dakika 40 hakikutosha, tukaahirisha hadi Ijumaa. Siku hiyo msichana mmoja alikuja na mpini mkuukuu uliokuwa umetupwa uani kwao, akataka kujua kama huo nao bado ni jembe.