Njia Aliyopita Misiani

Ukivuka Sirari kuingia Isebania, samaki hubadilika majina. Dagaa niliyoila Musoma usiku wa jana leo inaitwa omena, sangara anaitwa mbuta, na mama muuzaji anakutajia bei kwa shilingi ambayo si yetu. Lakini muziki ni uleule. Kwenye kibanda cha kinyozi upande wa Tanzania lilikuwa likilia gitaa jembamba, la kasi, likirukaruka juu ya besi nzito. Nilipokaa kwenye matatu ya kwenda Migori, nililikuta gitaa hilohilo likinisubiri. Dereva aliniona kwenye kioo nikitikisa kichwa.

"Omera, na wewe wamjua Misiani?"

Nilimwambia nimelelewa naye. Baba yangu alikuwa na santuri zake chache, alizokuwa akizifuta kwa kitambaa laini kabla ya kuziweka, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka kuipita kwa macho yangu njia aliyopita mtu huyo akiwa kijana, akitoka kwao kwenda kutafuta muziki katika nchi nyingine.

Daniel Owino Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 huko Shirati, upande wetu, mwendo mfupi tu kusini mwa mpaka. Shirati ni mahali pa misheni. Wamenoni wa Marekani walifika hapo mwaka 1934. Inasimuliwa kwamba baba yake, mtu wa dini, alilivunja gitaa la kwanza la mwanawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kijana akavuka. Mpaka aliouvuka walikuwa wameuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 na 1890. Ndani ya ziwa unafuata mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, kana kwamba maji yana ukuta. Huku Isebania Wakuria wanaishi pande zote mbili na iritungu lao, ala yao ya nyuzi, linalia pande zote mbili. Kwa Wajaluo, watu wa Misiani, ni vivyo hivyo. Misiani hakuacha lugha yake, wala nyimbo za harusi na za matanga alizozisikia tangu utotoni. Alichoacha ni nchi aliyozaliwa, na jambo hilo lilikuja kumsumbua.

Barabara ya kwenda Migori hupanda na kushuka taratibu kati ya mahindi na tumbaku. Ardhi ni nyekundu mvua ikinyesha, na mawe makubwa yamekaa mashambani kama ng'ombe waliolala. Mji wenyewe una kelele, na kelele zake nimezipenda: wachimba dhahabu wadogo wenye vumbi mabegani, bodaboda, na spika zilizowekwa mlangoni mwa kila duka, kila moja ikishindana na ya jirani. Huu ndio mji wa Princess Jully, aliyeishika bendi ya marehemu mumewe, Prince Jully, baada ya mwaka 1997, akaimba "Dunia Mbaya" kuhusu Ukimwi wakati ambapo majumbani neno hilo lilinong'onwa tu. Nauheshimu sana ujasiri huo.

Kutoka Migori nilichepuka hadi Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa yapata miaka 500 iliyopita, kuta za mita moja na nusu hadi mita nne na nusu, bila udongo wala chokaa. Jiwe linashikwa na jiwe. UNESCO iliyatambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Niliweka kiganja ukutani, jiwe likiwa na joto la mchana. Waliokaa humu walikuja kwa makundi, wengine wakaondoka, wengine wakaingia na kuziba nyufa za waliotangulia. Wajaluo wenyewe walishuka kutoka kaskazini, Wasuba wakaja kwa ziwa kutoka upande wa Uganda. Hapa uhamiaji ni habari ya kila ukoo.

Nikarudi barabarani nikiwaza benga, muziki huo wa Misiani, kwa sababu benga nayo imejengwa kama kuta zile. Gitaa la solo, rithimu na besi havigandishwi kwa kitu. Kila moja linakaa katika nafasi liliyoachiwa na jingine. Mwimbaji anaanza, solo linamjibu mstari kwa mstari, kisha mwimbaji ananyamaza na magitaa yanakimbia, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Wazee wa muziki hubishana nani aliyeianza. Wapo wanaomtaja John Ogara na vijana wake, wapo wasiotaka kusikia jina jingine ila la Misiani. Mimi sina haja ya mshindi. Najua tu kwamba bendi yake, iliyopita majina kadhaa hadi kuwa Shirati Jazz, ilibeba jina la kijiji cha Tanzania kwenye kila santuri iliyouzwa Kenya.

Aliimba historia ya Wajaluo, visa vya Biblia, na mambo ya wakubwa. Kwa hayo ya mwisho alikamatwa mara kadhaa. Watu walimwita Mfalme wa Historia, lakini kwa serikali mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka ni rahisi kuambiwa arudi kwao. Jambo hilo linanichoma hata leo. Alizuru Uingereza na bendi yake mwaka 1987, na mwaka 1989 ikatoka albamu ya "Benga Blast!" huko London. Tarehe 17 Mei 2006 alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu.

Awendo ilipita kwa harufu ya miwa, Rongo kwa harufu ya mahindi ya kuchoma. Baada ya Rongo barabara huacha njia kuu na kuanza kuteremka, na hewa inabadilika kabla hujaona kitu. Halafu ziwa linafunguka. Nimelizoea ziwa hili kutoka kusini, lakini Homa Bay linakuja na vilima: Got Asego, chenye umbo la chungu kilichofunikwa, kimesimama pembeni mwa mji, na ng'ambo ya ghuba Mlima Homa una rangi ya bluu ya moshi. Upande wa magharibi liko Bonde la Lambwe na Hifadhi ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Sijaona mji uliokaa vizuri hivi ukingoni mwa maji.

Mtu wa hapa ndiye aliyeipeleka benga mbali. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa mbunge wa Homa Bay, kabla ya siasa alikuwa mtayarishaji wa santuri, na santuri zake ziliuzwa hadi Zimbabwe, ambako muziki wenyewe ukaitwa kanindo.

Jioni nilipelekwa kwa mzee mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, karibu na ufuo. Alikaa kwenye kigoda kifupi, akafunga njuga mguuni, akavaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu ili kugonga mbao. Nyuzi ni 8, siku hizi za nailoni ileile ya kuvulia samaki. Aliniambia nne ni za siku za kwanza za mtoto wa kiume duniani, na nne ni za siku za mwisho za mwanamume kabla ya kaburi.

"Mzee, na Misiani je?"

"Wuoda, yeye alilichukua hili akalitia kwenye gitaa," alisema. "Sasa sikiliza." Akapiga. Lilikuwa solo la Shirati, lile la haraka, sasa limerudi kwenye ngozi na nailoni.

Nilimkumbuka Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, Ayalandi, aliyehamia Marekani mwaka 1914. Santuri alizorekodi New York zilirudi kwao kwa meli, na wapiga fidla waliobaki vijijini wakajifunza upya nyimbo za babu zao kutoka kwa mtu aliyeondoka. Sligo sijafika, ila jioni ile nililiona jambo hilohilo kwa macho, miguuni pa mzee mmoja kwenye kigoda.

Giza lilipoingia taa zilianza kuwaka majini, moja, kumi, kisha hazihesabiki, kwa kuwa mwezi haukuwepo na usiku kama huo ndio wa kuvua.

"Huko kwenu taa hizi mnaziitaje?" mzee aliuliza.

"Taa za dagaa."

"Omena," alisema akicheka, akakaza uzi mmoja uliokuwa umelegea, akaendelea kupiga.