Wino wa Mashapo

Muuza kahawa wa mtaani kwetu, hapa Mji Mkongwe, alinistahi muda mrefu kabla hajathubutu kuniuliza. Kila usiku, dele lake linapokwisha, hunimiminia mashapo katika kopo nililokuja nalo. Siku moja akashindwa kustahamili: "Maalim, niwie radhi. Haya mashapo unayapigia ramli?" Baraza nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu kuwa nayatengenezea wino. Wakacheka zaidi.

Sikuwalaumu, kwani hawakujua kisa chake. Mama yetu hakuwahi kushika kalamu. Tungo zake alizihifadhi kifuani. Mwaka 2009, alipoanza kusahau, nilikaa naye siku tatu nikaandika kwa penseli shairi lake moja la beti tisa, alilomtungia marehemu baba alipokuwa safarini baharini. Mwaka uliofuata mama naye akatangulia mbele ya haki. Kwa kutaka kumwenzi, nikalinakili upya kwa hati za Kiarabu, kwenye karatasi nzuri, kwa wino nilioupika mwenyewe: kahawa iliyochemshwa hadi ikawa nzito, na sukari kidogo ili ishike. Rangi ilipendeza mno, hudhurungi kama mbao za mlango wa kale. Ile karatasi ya penseli sikuitunza. Dada yangu akalitia shairi katika fremu, akalitundika mkabala wa dirisha linalotazama magharibi.

Kufikia mwaka 2014 ubeti wa sita ulikuwa umetoweka. Jua la alasiri liliuangukia kila siku, na pale ambapo jua halikufika, mende walifika kwa ajili ya sukari. Dada na mimi tulikaa sakafuni tukikumbushana. Tulichokipata ni kibwagizo peke yake, kwa kuwa hicho hurudiwa.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa mashapo bila ya mwalimu, kama nilivyokuwa katika ushairi na katika tafsiri. Jambo la kwanza nililojifunza ni kuyakausha upesi. Mashapo mabichi yakilala siku mbili katika unyevu wa kisiwa hiki, huota kuvu. Huyatandaza kwenye ungo, juani, mpaka yawe yanamwagika vidoleni kama mchanga wa pwani.

Kisha njia hugawika mbili. Ya kwanza ni ya rangi ya hudhurungi. Mashapo huchemshwa tena, maji yakachujwa kwa kitambaa, yakatiwa shabu iliyoyeyushwa, halafu magadi yaliyoyeyushwa, kidogo kidogo, maana mchanganyiko hufura povu na ukiharakisha utalisafisha jiko zima. Rangi iliyokuwa ndani ya maji hugandamana na kutuama chini kama tope laini. Tope hilo huoshwa, likachujwa, likaanikwa, likasagwa. Ukitia maji ya misumari iliyolala ndani ya siki, rangi hugeukia kijivu kilichokoza. Ni kazi ya kupendeza, na kwa mchoro utakaokaa ndani ya kitabu kilichofungwa naisifu. Lakini rangi hiyo ni ya mmea, na mwanga ni adui yake; jua likiizoea huila.

Njia ya pili ndiyo iliyonishika. Mashapo makavu hujazwa katika mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, kifuniko kikatobolewa tundu moja la msumari, mkebe ukawekwa juu ya makaa. Moshi hutoka tunduni kwa muda mrefu. Unapokoma, mkebe hutolewa na kuachwa upoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Mara ya kwanza sikuwa na subira hiyo, hewa ikaingia, weusi wangu wote ukageuka jivu. Ukisubiri, utapata makaa meusi ti. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwani chembe zake ni kaidi. Huzisaga kwa maji juu ya jiwe la liwa alilotuachia mama, saa nzima na zaidi, hata jiwe liache kulalamika. Huongeza gundi ya mgunga iliyoroweshwa, tone la asali ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu ya Pemba kuzuia kuvu.

Weusi huu ni ndugu wa masizi ya taa ambayo wanakili wa Kiislamu wa kale waliyachanganya na gundi hiyohiyo. Makaa hayafifizwi na jua. Nayawaza haya kila ninapomsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake kutoka vinywani mwa watu, kwa ushirikiano na Mwingereza William Taylor, nazo hazikuchapwa kuwa diwani hadi 1940, kwa mkono wa William Hichens. Sikujua mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1890. Nusu karne yote hiyo tungo zilitegemea karatasi na wino.

Kazi ya tafsiri hunikutanisha mara kwa mara na neno "endelevu", ambalo siku hizi hupachikwa kwenye kila kitu, pamoja na rangi za taka za jikoni. Sina ugomvi na mashapo kuokolewa kutoka jaani. Ila najiuliza: wino usioendelea kusomeka, uendelevu wake uko wapi? Wala weusi wangu hauna usafi kamili, kwani makaa ya kuuchomea ni miti ya watu. Kwa hiyo simwashii mkebe moto wake. Humngoja muuza kahawa amalize, nikauweka juu ya makaa yaliyosalia ya dele lake. Siku hizi yeye ndiye anayeniambia moshi umekoma.

Mwaka jana nilizinakili upya beti nane, na mahali pa ule wa sita nikaacha nafasi wazi, nikaandika kibwagizo chini yake. Kabla ya kumpelekea dada, nilipaka wino huo kwenye kipande cha karatasi, nikakifunika nusu kwa kadibodi, nikakibandika dirishani tangu masika hadi vuli. Nilipoifunua, nusu mbili hazikutofautiana.

Nikamwonyesha. Akaitazama kwa makini, akaigeuza, akainusa. Kisha akachukua msumari na nyundo, akaenda kulitundika shairi kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha.